Yai la Mbuni Juu ya Tanuri

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile mikate ilipokuwa imeshatoka yote, ukaketi juu ya gunia la unga ukasema unapumzisha miguu kidogo. Tulikuacha upumzike. Dada alipokuletea chai hukuipokea.

Maneno ya namna hii huandikwa na mwenye ulimi mzuri. Kwetu mwenye ulimi mzuri ulikuwa wewe, basi wamenitupia mimi, mwanao wa pili, fundi wa mafriji. Dada anasema yeye ataanza kulia kwenye mstari wa kwanza. Mama anasema niandike mimi kwa sababu mimi ndiye niliyezima moto. Nitafika huko. Kwanza acha wanaosoma wakujue.

Mtaa mzima ulikuita Hamira. Wateja walidhani ni kwa ajili ya kazi yako ya kuoka mikate. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba ni hasira yako, iliyokuwa ikiumuka taratibu, huna neno, huna neno, halafu ghafla umejaa chumba kizima. Ukishaumuka hapakuwa na wa kukurudisha chini. Mama alikuwa anafungua dirisha tu na kusubiri.

Lakini ni wewe huyohuyo uliyekuwa unaning'iniza nje ya dirisha la kiwanda mfuko wa mikate iliyoungua upande mmoja, achukue yeyote apitaye, asiulizwe kitu. Ulidai ni bahati mbaya. Baba, mtu aliyeoka miaka thelathini haunguzi mikate sita kila siku ya Mungu kwa bahati mbaya.

Tunakumbuka alama za vidole vyako vya unga kwenye swichi, kwenye redio, kwenye shavu la Mama akiwa amevaa tayari kutoka. Tunakumbuka ulivyokuwa unazungumza na donge la unga huku ukilikanda, unalisihi, unalisifia, na sisi watoto tukiona wivu kidogo.

Na ulikuwa mwotaji. Jicho lako moja lilikuwa kwenye mikate, jingine liko mbali, linafuga. Ulitaka twiga, achungulie juu ya bomba la moshi akuambie kama mvua inakuja. Ulitaka nungunungu wa kutobolea mikate kabla haijaingia motoni. Ulitaka popo mzee wa kukaa naye kimya. Kuna mwaka ulileta kobe kweli, akaishi stoo, akawa anatokea chini ya magunia akiwa mweupe kuanzia kichwa hadi mkia, na wateja wanaruka. Mama alimvumilia yule kobe mpaka alipopotea mwenyewe. Baada ya hapo akaweka sheria: katika nyumba hii hakifugwi kitu kitakachomzidi yeye kimo.

Ndiyo maana siku ile uliingia kinyumenyume, ukisukuma mlango kwa kisigino, na kofia yako nyeupe ya kazi umeikumbatia kwa mikono miwili.

"Hicho nini?" Mama aliuliza.

"Yai."

"Yai la nini lenye ukubwa huo?"

"La mbuni. Na usinitazame hivyo, mke wangu, yai halina kimo."

Lilitoka kwa yule mfugaji wa mbuni aliyekuwa akija kila Jumamosi kuchukua mikate iliyolala awalishe ndege wake. Ulikuwa umembembeleza miezi. Alikueleza habari za mashine na vipimo vya joto, siku arobaini na mbili, na kuligeuza mara kwa mara. Wewe ulisikiliza kwa adabu, kisha ukapitisha kiganja juu ya matofali ya tanuri, kutoka mdomoni hadi nyuma, polepole, umefumba macho. Ukasimama kwenye ile kona ambako miaka yote ulikuwa unaweka beseni ili unga uumuke. "Hapa," ulisema. Mfugaji akaweka kipimo chake pale, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Ukalilaza yai ndani ya beseni juu ya magunia matupu, ukalichora jicho kwa mkaa upande mmoja ili tujue limegeuzwa.

Halafu ukaandika zamu kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Mama. Dada. Wewe. Na chini kabisa: Fundi Barafu, saa kumi jioni.

Wasomaji waelewe. Mimi na wewe tulikuwa hatujasemezana miaka miwili. Nilikuwa nimeacha tanuri nikaenda kujifunza friji, na wewe uliona mwana wa moto amekwenda kuishi na baridi makusudi, akutie aibu. Siku niliyokuambia, ulijaa chumba kizima. Nami nimerithi kwako kila kitu ila mikono. Tangu siku hiyo habari zilipita kwa Mama: mwambie fundi wako wa barafu hivi, mwambie baba yako vile.

Mama alinipigia simu. "Baba yako ana yai. Amekupangia zamu, saa kumi. Na usinitume jibu, nimechoka kuwa posta."

Nilikuja ili nicheke. Siku ya kwanza uliniuliza, "Umenawa?" Nikasema nimenawa. Nikaligeuza yai, nikaondoka. Siku ya pili ukauliza tena, nikajibu tena. Siku ya tano nilikuta umeweka viti viwili.

Saa kumi kiwandani ni saa ya ajabu. Mikate ya asubuhi imeshasahauliwa, ya kesho haijaanza. Mwanga unaingia kwa kile kidirisha cha juu, na vumbi la unga linaelea, halipandi wala halishuki. Tulikaa ndani ya vumbi lile tukilitazama yai, nawe ukaanza kuota kwa sauti.

Mbuni wetu angetembea nawe asubuhi kupeleka mikate, kikapu huku na kikapu huku. Mitaa ingekuwa mitupu, na nyayo zake zingesikika kabla hamjatokea. Wakaaji wa ghorofa ya pili wasingeshuka tena. Wangefungua dirisha tu na kumkuta pale, shingo imesimama, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Wangechukua mkate wao moto, wamkune kichwa, warudi kulala.

"Atakupiga teke, Baba."

"Mbuni hampigi teke mtu aliyemwatamia."

"Umesoma wapi?"

"Nimefikiri mwenyewe."

Ungenichekesha hata ningekuwa nimenuna kwa mwaka wa ishirini. Nikaanza kuja kabla ya saa kumi.

Siku moja nilikuja na mfuko wa vifaa. Friji la siagi lilikuwa bovu tangu nilipoondoka, na nina hakika uliliacha hivyo kwa ubishi. Nililivuta kutoka ukutani, nikalifungua, nikalitengeneza, ukinitazama kama unavyomtazama mtu anayekanda unga wako.

"Hili baridi linatoka wapi?" uliniuliza.

"Halitoki popote. Friji halitengenezi baridi, Baba. Linachukua joto la ndani na kulitoa nje, huku nyuma."

Ukazunguka nyuma. Ukaweka kiganja juu ya vile vibomba, kilekile kiganja, macho umefumba.

"Kumbe na wewe unahangaika na joto," ulisema.

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Ulicheka mpaka unga ukaanguka kutoka kwenye nyusi zako. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kicheko kile.

Wiki ya nne niliweka sikio kwenye yai nikasikia kitu. Nikaita, "Baba, linagonga!" Ukaja mbio na ndara zako, ukaweka sikio upande wa pili. Nyuso zetu hazikuwahi kukaribiana hivyo tangu nilipokuwa wa kubebwa. Ulisikiliza, ukinitazama.

"Naam," ulisema. "Linagonga."

Siku ya thelathini na mbili ndiyo ile ya gunia la unga.

Nyumba ilijaa watu. Nami nikaona haiwezekani moto wako uendelee kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Tanuri lile halikuwa limepoa tangu kabla sijazaliwa. Nilitoa kuni, nikafagia makaa, nikamwaga maji. Nilidhani nakupa heshima. Yai sikulikumbuka. Nasema wazi mbele ya watu, sikulikumbuka kabisa.

Kesho yake mchana Mama aliingia kuchukua masinia ya wageni, akagusa matofali. Hakumwambia mtu. Alilitoa yai, akalifunga kwa sweta lako, akaliweka tumboni chini ya shali, akarudi kuketi mkekani na waombolezaji. Siku mbili hakuinuka kumsalimu yeyote. Shangazi, dada yako, ambaye hajawahi kuona jambo akalinyamazia, akamsogelea.

"Wifi, tumbo linakuuma?"

"Hapana."

"Sasa umeshika nini humo?"

"Yai."

"Yai! La nani tena?"

"La kaka yako."

Shangazi akavua sweta lake mwenyewe akamfunika nalo. Na huyo aliyelikumbatia yai, Baba, ndiye yule aliyetunga sheria ya kimo.

Tulipotoka kukuzika niliwasha tanuri upya. Hatukuoka kitu. Mtaa ulinusa moshi wa kuni bila harufu ya mkate, siku baada ya siku, na hakuna aliyeuliza. Niligeuza yai zamu zangu, zako, na za kila mtu. Siku ya arobaini na mbili ikapita. Ya arobaini na tano. Ya hamsini. Mama akaniondoa mkono kwenye beseni, taratibu, akalipeleka yai rafuni.

"Si wewe," aliniambia. Dada naye akaja, "Si wewe." Watu wawili wakikuambia si wewe na hujawauliza, unajua ni wewe. Kitu kimoja ulikiacha hai, nikakizima kwa ndoo ya maji. Nimekwenda nalo neno hilo kila nyumba niliyoitwa kutengeneza friji, mwaka mzima.

Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, mfugaji alirudi. Alikuwa amehamisha ndege wake mbali wiki ileile ya msiba, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kufika tangu hapo. Alitoa pole, akaketi. Nikaona nisimzungushe.

"Mzee, nisamehe. Yai ulilompa Baba nililiua mimi. Nilizima moto."

"Uliua nini?"

"Kifaranga."

Akanitazama vizuri. "Mwanangu, humo hamkuwa na kifaranga."

Akasimulia. Jumamosi ya pili tangu alete yai alikuja na tochi kali, mkaingia naye stoo mkafunga mlango, akalimulika. Lilikuwa jeupe tupu, huku na huku. "Nikamwambia, Hamira, hili viza, halina kifaranga. Nikuletee jingine? Akakataa. Akasema nisiwaambie nyumbani. Nikamuuliza, sasa unaatamia nini, bwana? Akaniambia, kijana wangu anakuja saa kumi."

Nilikuwa nahesabu siku. Jumamosi ile naikumbuka, Baba, maana Jumatatu yake Mama alinipigia: "Baba yako anasema yai linataka kugeuzwa na asubuhi pia. Saa moja, kabla hujaenda kazini." Nililalamika sana. Nikaja. Na siku niliyosikia linagonga ilikuwa wiki mbili baada ya tochi. Uliweka sikio kwenye yai unalojua ni tupu, ukanitazama, ukasema naam.

Mama alipoambiwa alicheka kwanza. "Yaani nimekaa matangani na viza tumboni, mbele ya wifi yangu!" Alicheka mpaka akaketi chini, na hapo ndipo alipolia. Dada alilia bila kucheka. Yai bado liko rafuni. Hakuna aliyesema litolewe.

Basi nimeacha kukuomba msamaha wa moto. Nakuomba ule mwingine, wa ile miaka miwili. Nilikuwa naishi mtaa wa nyuma, Baba. Dakika saba kwa miguu. Nilikuwa napita mbele ya dirisha lako nikitazama upande wa pili wa barabara, na najua ulikuwa unaniona, kwa sababu mara moja nilisahau nikageuka, nikakuta umesimama na sinia mkononi. Hukuita. Sikuingia. Ikabidi mtu mzima mwenye akili zake atafute kitu cha kunipa cha kufanya mle ndani.

Ningekuja hata bila yai. Natamani uamini hivyo. Mimi mwenyewe kuna siku naamini, na kuna siku siamini.

Tunaokukumbuka ni mkeo, binti yako, dada yako, na mimi mwanao. Hatujatenga siku ya kukusahau, wala hatutatenga.