Miti ya Waheshimiwa Juu ya Jaa la Taka

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye ukungu. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba unamwachia mdogo wangu Ireri abebe mtungi, maana ukimngojea ajitolee mwenyewe utazeeka. Je, mvua imefika huko Kiritiri, au bado mnayatazama mawingu yakipita? Ndengu zimeota? Huku Meru inanyesha kila siku na soksi zangu hazikauki. Mwili wangu ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba changu kimetengwa kwa mbao tu, na anayelala upande wa pili ni dereva wa bosi wangu.

Lile jaa la taka nililokusimulia nilipokuja Krismasi, lililokuwa likifuka moshi juu ya mji, limefungwa na kufanywa bustani ya watu wote. Lilikuwa jambo jema, na nilifurahi. Mkandarasi alisawazisha taka, akazifunika kwa udongo mwekundu wa mfinyanzi, akaushindilia kwa mashine hadi ukawa mgumu kama sakafu, ili mvua isipenye. Juu yake akaweka udongo wa kawaida na nyasi. Mhandisi, kabla ya kuondoka, alitusimamisha sote pale akasema: hapa ni nyasi na maua tu. Mkitoboa huo udongo mwekundu, mvua itaingia kwenye taka, na uchafu utatokea kule chini kwenye chemchemi. Bwana Kithinji, mkurugenzi wa ofisi yetu ya mazingira na ndiye bosi wangu, alikuwepo. Alikuwa anajipiga picha. Ni mtu anayesalimia kamera kabla ya kusalimia watu.

Sasa, unajua vile huku kwetu hakuna kitu kinachofunguliwa bila mkubwa kupanda mti. Hata kiwe choo cha shule, lazima mti. Basi ikaamuliwa kila mgeni wa heshima apande wake. Na si mche. Bosi alisema Mheshimiwa hawezi kuinama kwa ajili ya kijiti. Ikaletwa miti mirefu kuliko mimi, mizizi imefungwa kwa magunia, na kila mmoja ukahitaji shimo la kufika kiunoni. Wasaidizi wa wageni walikuja siku iliyotangulia kukagua, wakagombana ni shimo la nani pana zaidi. Mmoja alipima kwa mwavuli. Watu wazima, Mama, wenye tai.

Nilimfuata bosi ofisini.

"Samahani, bwana. Mhandisi alisema tusichimbe."

"Mhandisi amelipwa, ameenda."

"Lakini maji ya chemchemi, watu wa kule chini..."

"Wanja, ulisomea mazingira ama ulisomea uoga?" Dereva aliyesimama mlangoni akacheka, naye bosi akapata nguvu zaidi. "Kazi ya karani ni kuandika. Nani amekutuma kuchunga mashimo?"

Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na ni yeye wa kuuongeza. Nilisema "asante, bwana". Sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Mashimo yakachimbwa. Vibarua walipopita ule udongo mwekundu, yakaanza kutoka mambo: nepi, mifuko ya nailoni, kiatu kisicho na mwenzake, na maji meusi ya kukutoa machozi kwa harufu. Kibarua mmoja akaita kutoka shimoni, "Bosi! Hapa Mheshimiwa atapanda mti ama nepi?" Wenzake wakaangua kicheko. Bwana Kithinji akaamuru vumbi la mbao limwagwe, kisha akatoa chupa ya manukato mfukoni akapuliza mashimo, moja moja. Nilimwangalia mtu huyu ninayemwogopa hivi, ameinama kutia taka manukato.

Sherehe ikafanyika. Mchungaji aliomba sala fupi sana. Waheshimiwa walitupia udongo kidogo kila mmoja, wakaletewa maji ya kunawa mikono ambayo haikuwa imechafuka. Mkubwa wao akasema bustani hiyo ni mapafu ya mji. Watu wakapiga makofi huku wamekunja pua.

Kisha ikanyesha siku kadhaa. Mama Kendi, mwenye nyumba ninayopanga, huteka maji kwenye ile chemchemi na kupikia githeri anayouza sokoni. Alikuja mlangoni na mtungi.

"Wanja, njoo uone. Hii ni maji ama ni chai?"

Yalikuwa na rangi ya chai, na utando juu kama wa mafuta.

"Wewe unafanya kazi huko," akasema. "Ninywe ama nisinywe?"

"Usinywe, Mama Kendi. Na usipikie."

Jumamosi watu wa kule chini walipanda bustanini na mitungi yao. Bosi alikuja kuwatuliza. Aliwaambia uchafu unatoka kwenye vyoo vyao wenyewe, kwamba hawajui kuchimba vyoo. Kina mama walipoanza kupiga kelele, akanishika bega. "Huyu karani wetu ana digrii ya mambo haya. Wanja, waambie maji ni salama."

Niliangalia viatu vyake, kwa sababu uso ulinishinda.

"Msiyanywe," nikasema. "Mashimo ya miti yametoboa udongo uliofunika taka. Miti ing'olewe, ule udongo mwekundu urudishwe na kushindiliwa."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mwanambuzi, lakini ilitoka. Mama Kendi akayarudia kwa Kimeru, kwa nguvu, ili walio nyuma wasikie. Kisha wakaushika mti mkubwa kuliko yote.

"Huo ni wa Mheshimiwa!" bosi akalia.

"Basi mwite aje anywe maji yake," Mama Kendi akamjibu, akivuta.

Iling'olewa yote. Wameshindilia udongo kwa miguu na michi ya vinu, na mkandarasi ameitwa arudi na mashine yake. Kwa sasa maji wanayabeba kutoka mbali. Miti imeegemezwa kwenye ua, vibao vya majina bado vinaning'inia, na mbuzi wa jirani amekwisha kumla yule wa pili kwa cheo.

Jumatatu nilikuta kiti changu kwenye korido, karibu na choo. Meza sikuiona. Nimekikalia, na barua hii naiandikia mapajani. Naogopa, Mama, sitakuficha, na sidhani mkataba utaongezwa. Zungumza na Ireri polepole kuhusu karo yake. Lakini yule bwana sasa anaingilia mlango wa nyuma ili asipite mbele yangu.

Nisalimie Nyanya, na shangazi anayekusaidia kupepeta ndengu. Na yule mjomba wa mizinga, aliyetaka nimpelekee Bwana Kithinji asali ya shukrani kwa kuniandika kazi, mwambie asali yake ailambe mwenyewe.

Ni mimi bintiyo, niliye bado kitini,
Wanja