Nilikuambia Nimeteguka

Chumba Namba 14,
Ghorofa ya Tatu,
Juu ya Duka la Vitambaa.

14 Novemba

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu za dada yako aliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea. Kwanza niambie habari za mgongo wako. Bado unakuuma ukiinua yale masufuria ya shule? Na shemeji yangu, kifua kimetulia? Mapacha nao, wameacha kugombania kitanda cha juu? Sitaki useme dada kazeeka kasahau adabu, kwa hiyo nauliza tena: hamjambo wote?

Sisi hatujambo. Yaani mwanangu Daktari hajambo. Mimi hapa, nusu ya juu haijambo.

Mdogo wangu, siku ile uliponipigia simu nilikuambia nimeteguka kifundo cha mguu, na kwamba Jumatatu ningekuwa nimesharudi kwenye cherehani. Sikuteguka. Nimevunjika. Hii ni wiki ya tatu nimefungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka huku juu pajani, na goti wamelipinda kidogo, kama mtu aliyetaka kupiga hatua akaghairi. Usinikasirikie. Nilijua ungelia, nami siwezi kubembeleza mtu kwa simu.

Nilianguka kwenye ngazi. Watu wote niliwaambia niliteleza kwenye maji, hata daktari wa mifupa nilimwambia hivyo hivyo. Lakini Daktari wangu alipokuja aliichukua picha ya eksirei, akaielekeza dirishani. Halafu akasema, "Mama, wewe ulikuwa unageuka. Ulikuwa unaongea na nani?"

Nikamwuliza, "Siku hizi mifupa inataja na majina ya watu?"

"Majina haitaji. Lakini huu umejisokota. Mguu ulinasa, mwili ukaendelea na safari yake."

Mdogo wangu, ni kana kwamba alikuwepo! Kweli nilikuwa nashuka, na jirani yetu, yule tunayemwita Redio, akaniuliza kutoka juu kama ni kweli mwanangu amechaguliwa. Sasa ningemjibu kwa kisogo? Niligeuka mzima mzima, na kiatu kilikuwa kimenasa kwenye ngazi iliyomeguka. Sasa Redio anawasimulia watu, "Alifika kwenye 'daktari bingwa' nikasikia ko!" Mtoto akasoma yote hayo kwenye karatasi nyeusi. Niambie, katika ukoo wetu nani amewahi kuzaa mtoto kama huyo?

Amenifundisha na majina yake, na mimi nimeyashika yote. Ule wa kwangu unaitwa mvunjiko funge: mfupa umevunjika lakini ngozi nzima, kama koti lililochanika bitana, nje bado unakwenda nalo harusini. Mvunjiko wazi ndio ule ambao ngozi nayo imetoboka, uchafu unaingia, na huo ni wa kukimbia nao hospitali. Watoto wana wao, wa kijiti kibichi. Mfupa unapinda, unapasuka upande mmoja, haukatiki. Upo uliokatika moja kwa moja kama kwa rula, upo uliokwenda mshazari, upo uliosagika vipande mpaka unaungwa kwa vyuma. Na upo ufa tu, usioonekana vizuri hata pichani. Huu wangu ni wa mzunguko. Umepanda na muundi kama uzi kwenye bobini. Nashukuru haukuhama mahali pake, kwa hiyo hawakunipasua. Nesi aliniuliza kama nimesomea udaktari. Nikamwambia mimi nimeishia darasa la tano, ila nimemzaa anayesomea.

Utaona nacheka. Mchana nacheka, kwa kuwa watu wanapita. Lakini nimefungwa, mdogo wangu. Kutoka mlangoni kwangu mpaka uwanjani ni ngazi arobaini na moja. Bomba liko chini, msalani ni mwisho wa ukumbi, na wateja wananiita kutoka barabarani nami nawajibu dirishani kama kasuku. Cherehani yangu ya miguu iko hapo hapo mbele ya kitanda. Naiangalia, inaniangalia. Nimebaki kushona vifungo kwa mkono.

Lakini hilo nalistahimili. Lisilonipa usingizi ni hili. Daktari amechaguliwa kusomea upasuaji wa mifupa kwenye hospitali kubwa, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Walioomba ni watu mia mbili, waliochukuliwa ni sita, na yeye ni wa pili kwenye orodha, Redio aliiona. Anatakiwa kuripoti tarehe mosi Desemba. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Naye amesema haendi. Nani atanipandishia maji? Nani atanishika nikienda msalani?

Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Akaniambia, "Mama, nafasi zitakuja nyingine. Mguu wako ni mmoja."

"Ni miwili," nikamwambia, "hesabu vizuri." Hakucheka.

Nimelifikiria sana jambo hili. Plasta wamenivisha mimi, lakini tuliofungwa tuko wawili.

Juzi aliandika barua ya kuikataa ile nafasi, akaiacha kwenye meza ya kukatia nguo akaoge kwanza ndipo akaitume. Nikajikokota na magongo yangu, nikaichukua, nikakosa pa kuiweka. Basi nikaikunja mara mbili nikaichomeka ndani ya plasta, huku juu pajani. Amepekua chumba kizima, mpaka kopo la vifungo. Mimi nashona tu. Na inawasha, mdogo wangu! Pembe ya barua imenikalia mahali ambapo hata sindano ya kufumia haifiki. Tarehe ishirini na tano wananikata plasta hii wanifunge fupi, na siri itadondoka mbele ya madaktari. Ila hata hiyo tarehe ni mbali, kwani amesema Jumamosi ijayo ataandika nyingine. Moja nimeweza kuificha. Ya pili haitaingia, mguu umevimba.

Kwa hiyo nakuandikia neno nililopaswa kulisema siku ile kwenye simu. Njoo.

Unanijua. Tangu mama atutoke, wewe ni wa kuomba na mimi ni wa kutoa, nami nilikuwa najisifia hivyo. Neno hili limenishinda siku tatu, nimechana karatasi nne. Lakini mficha uchi hazai. Shule yenu inafungwa Ijumaa hii, na jiko la shule lisilo na watoto halihitaji mpishi. Ni wiki sita tu, mpaka nitakapoweza kushuka mwenyewe.

Kumwambia Daktari kwamba utakuja hakutasaidia. Ataniuliza kama ni kuja kweli au ni kama kule kuteguka kwangu. Lakini akifungua mlango akakuona umesimama na begi lako, ataanza kufungasha.

Nisalimie shemeji, mwambie nakuazima tu, nitakurudisha mzima. Mapacha wabusu kila mmoja kwa zamu yake wasije wakagombana. Shangazi mpe pole ya macho. Mungu akulainishie njia, akupe kiti cha dirishani na jirani asiyesinzia begani kwako.

Usinijibu kwa barua. Panda gari Jumamosi asubuhi.

Wako akupendaye, anayekungoja huku juu,

Dada yako,
Mama Daktari