Jicho la Kiti

Jumatatu, 3 Julai 2006

Baridi! Nimevaa koti mbili. Mwalimu Nyakio wa ngumbaru alisema mtu mzima akianza kusoma na asiandike kila siku, herufi hutoroka kama kuku. Zangu hazitoroki. Nilikuwa askari wa geti Lavington miaka thelathini na moja. Hakuna kitu ilinitoroka.

Leo saiba, hii duka ya kompyuta na intaneti, ilikuwa kimya. Carolyne binti yangu ndiye mwenyewe. River Road, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari. Kompyuta tisa. Mimi nakaa namba saba, na kila mteja anajua. Carolyne huniambia nikae nyumbani Mountain View niote jua. Jua gani Julai? Nakuja naye kila asubuhi, nacheza Nchi ya Ukungu.

Gemu yenyewe haina picha. Ni maneno tu. Kila mchezaji ana mtu wake huko ndani. Unaandika mtu wako anafanya nini, wengine wanasoma, wanajibu. Wengine wako hapa saiba, wengine wako kwao, mmoja yuko Canada. Mkipigana, kompyuta inarusha dadu. Mtu wangu anaitwa Bwana Rungu. Anaogopwa mpaka Canada.

Mimi kila neno naliandika kwanza hapa kwa kitabu, ndio mkono uzoee, halafu nanakili kwa kibodi na kidole kimoja. Kidole kimoja — na bado wanatetemeka!

Jumanne, 4 Julai

Leo kilio. Becky wa duka la misumari alipanda ngazi mbio saa ya lunch. Mtu wake kwa gemu ni mganga, amemjenga mwaka mzima. Jana aliitwa chini amuuzie mteja bawaba. Kurudi — mganga maiti! Kijana mmoja wa Westlands amemkuta amesimama kama mti, akamkata. Halafu akaandika hata vile mganga alilia na kuomba msamaha. Na Becky hakuwa hata kwa kiti!

Akaniambia, “Mzee, hiyo si vita. Hiyo ni wizi.”

Mbuthia akacheka kule namba nne. Huyu Mbuthia ana kiwanda kidogo cha kuchapisha kadi za harusi ng’ambo ya barabara. Mkikuyu wa tai kila siku. Alisoma hadi darasa la nane wakati wa mzungu na hajawahi kutuacha tusahau. Mtu wake anaitwa Chifu Wino. Akasema nchi hii ya Ukungu ni kama soko bila askari.

Nikamwambia askari yuko. Amekaa namba saba.

Alhamisi, 6 Julai

Siku kubwa. Musembi alikuja mwenyewe. Huyu ndiye alitengeneza gemu, ni fundi wa kompyuta, anaishi Lavington karibu na geti yangu ya zamani. Kijana wa heshima. Ananiita Baba Carolyne.

Akasema watu wanahama. Kumi na mmoja tangu Aprili, wote kwa sababu ya kuuliwa vibaya. Anataka sheria ya vita. Na anataka Mwamuzi mmoja, mtu mzima, asiyeyumba. Atachaguliwa kwa baraza Jumamosi ya tarehe kumi na tano, hapa hapa saiba, walio mbali watapiga kura kwa kuandika.

Wote wakaanza kuongea pamoja. Nikapiga meza. Nikasema Becky andika, mimi naongea.

Ya kwanza, hodi. Huwezi kuvamia mtu kama huna mdomo. Andika hodi, mwenzako ajibu. Asipojibu, hayuko. Amekwenda kuuza bawaba. Ngoja.

Halafu, usimwandikie mwenzako jeraha. Wewe andika umerusha rungu. Imempata wapi, amelia, hajalia — hiyo ni kazi ya dadu na ya mwenyewe.

Kufa kabisa ni kwa kukubaliana. Vita vingine mtu anaamka kesho na bandeji. Lakini wote wawili wakiandika “mpaka kaburi”, basi ni kaburi. Hakuna kurudi kulia kwa Musembi.

Na ya mwisho — hii ilitoka kichwani mwangu, hata Mbuthia alivua miwani. Nikawaambia, miaka thelathini na moja nimeona nani anaingia na gari ya nani, nani anatoka kwa mlango wa nyuma. Nilisema? Sikusema! Askari wa geti anaona kila kitu na hajui kitu. Kwa hivyo hapa pia. Mchezaji ana macho mawili. Jicho la mtu wake huko ndani, na jicho la kiti alichokalia. Kitu umeona kwa kiti, umesikia hapa saiba, umechungulia kwa jirani, mtu wako hajui! Na ukishinda vita ya kaburi, unaulizwa mbele ya wote: umejua kwa jicho gani? Unajibu kwa mkono wako mwenyewe.

Makofi. Musembi akasema hii ndiyo alikuwa anatafuta.

Nimekula nyama leo.

Ijumaa, 7 Julai

Mbuthia ameanza. Ati atanipendekeza kwa baraza, lakini watu watauliza Mwamuzi gani huyu amepigwa na Chifu Wino mara tatu.

Mara mbili. Ile ya tatu stima ilipotea, kompyuta zote zikazima.

“Ndambuki, sheria unajua,” akasema. “Vita ndiyo haijakufikia huko Ukambani.”

Nikamwambia Mkikuyu hupigana na kalamu kwa sababu mkono unaogopa. Tukacheka mpaka Carolyne akatuambia kuna wateja. Lakini imeniuma kidogo. Hiyo ya mara tatu.

Jumapili, 9 Julai

Kanisa. Mahubiri marefu. Leo Kombe la Dunia linaisha na kila mtu anaongea hiyo. Mimi nimewaza vile Chifu Wino anaweza kupatikana. Hatoki kwa boma yake bila askari ishirini. Ukuta wa mawe. Hata mimi singeweza kulinda vizuri hivyo, na mimi nimelinda wazungu.

Jumatatu, 10 Julai

Sasa niandike hii ilivyokuwa.

Mbuthia macho yameisha. Kwa hivyo Carolyne alimuongezea herufi kwa namba nne. Kubwa! Kama bango ya barabarani. Kwa skrini yote yanaingia maneno kumi tu. Mimi sikuchungulia. Nilikuwa nimekaa kwangu, nimegeuka kuchukua chai. Mtu akiweka bango mbele yako, si utasoma? Mwalimu Nyakio alisema tusome kila kitu, hata pakiti ya chumvi.

Alikuwa anaandika daftari ya siri ya mtu wake. Kila mchezaji ana moja, wengine hawaioni. Ilisema: KILA ALHAMISI CHIFU WINO HUENDA PEKE YAKE. Halafu akashusha. KABURI LA WACEKE, NYUMA YA KISIMA. Halafu: HUWEKA JIWE MOJA.

Waceke ni marehemu mke wake. Wa kweli. Tulimzika mwaka juzi Limuru, na mvua. Sikujua amemuweka huko ndani.

Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Jumatano, 12 Julai

Nimewaza sana. Jicho si geti, huwezi kulifunga. Na Bwana Rungu ni mjanja. Angeweza kufika kwa kisima mwenyewe. Watu huenda kisimani. Ni maji!

Na sheria bado haijapigiwa kura. Ni ya Jumamosi.

Alhamisi, 13 Julai

NIMESHINDA! Nimempiga Chifu Wino!

Saa nane mchana. Saiba imejaa, wengine wamesimama. Nikaandika Bwana Rungu amekwenda kuteka maji, amesikia mtu nyuma ya kisima. Nikapiga hodi, kama sheria. Herufi nne, nikazinakili pole pole.

Nikaangalia namba nne. Nikamuona Mbuthia anasafisha miwani kwa tai. Halafu akaandika, na kwa herufi zile kila mtu akasoma: KARIBU. HAPA SIKIMBII. MPAKA KABURI.

Mimi sikuwa nimetaka ya kaburi! Nilitaka tu kumpiga, apate bandeji, aseme mbele ya watu kwamba hata yeye amepigwa. Lakini wote wananiangalia. Becky anasema, “Mzee, usimwogope!” Nikaandika mpaka kaburi.

Dadu ya kwanza yangu. Ya pili yake, rungu imeanguka. Ya tatu yangu. Ya nne yangu! Ningemwandikia jeraha? Sikumwandikia. Nilisema Bwana Rungu amerusha, nikangoja. Mbuthia mwenyewe akaandika Chifu Wino ameanguka juu ya yale mawe, amehesabu mia moja na moja, amefunga macho.

Kelele! Kijana mmoja alinibeba! Kilo themanini na mbili!

Mbuthia alisimama. Akavaa kofia. Akaja mpaka namba saba akanipa mkono, akashika muda mrefu. Akasema, “Mzee mwenzangu, umenipiga kwa haki. Na mahali pale, hata sikuona ubaya.” Akashuka ngazi akishika ukuta.

Nimeshinda. Mara mbili kwa moja sasa.

Ijumaa, 14 Julai

Namba nne hakuna mtu. Carolyne alitaka kumpa mteja, nikasema kompyuta imeharibika. Haijaharibika.

Aliniuliza akifagia: Baba, ulijuaje yuko kisimani? Nikasema akili ya askari. Akaniangalia kama mama yake alivyokuwa ananiangalia, Mungu amrehemu. Akaendelea kufagia.

Saa kumi Becky alileta pakiti kutoka ng’ambo ya barabara. Kadi. Mia nzima, karatasi nzuri ile ya harusi, na mstari wa dhahabu pembeni. Zimeandikwa:

ZACHARIAH NDAMBUKI
MWAMUZI WA VITA VYA HAKI
NCHI YA UKUNGU

Na kikaratasi cha mkono wake: “Usipochaguliwa utawashia jiko. Nilikuwa nimezichapa tangu Jumanne. M.”

Tangu Jumanne. Hata kabla ya vita.

Sijawahi kuona jina langu limechapwa. Lavington walikuwa wananiandika “Askari” kwa kitabu ya geti. Nimelisoma mara nyingi. Halikosi herufi.

Jumamosi, 15 Julai

Naandika hapa hapa namba saba, kitabu kwa magoti. Baraza imeanza saa nane. Kompyuta zote tisa zimejaa, wengine wako kwa ngazi. Yule wa Canada yuko macho, kwao ni asubuhi. Sheria zimepita zote. Hakuna aliyepinga hata moja. Ile ya jicho la kiti wameipigia makofi mara ya pili.

Mbuthia alikuja! Nilifikiri hatakuja. Amekaa namba nne na tai ya kijani. Musembi alimuuliza kama ataanza mtu mpya. Akasema hapana, umri wake haujengi chifu mara mbili, amekuja tu kwa sababu ya rafiki yake. Halafu akasimama akanipendekeza. Alisema mimi ni Mkamba mwenye kichwa ngumu na nasema uongo juu ya mambo madogo tu, kama kilo zangu na ile stima. Watu wakacheka. Akasema kwa jambo kubwa angenipa ufunguo wa nyumba.

Hakuna jina lingine. Ni mimi tu.

Musembi akasema basi, kabla ya kura, vita ya Alhamisi ilikuwa ya kaburi, na sheria ni sheria, hata kwa Mwamuzi. Akatabasamu akisema. Anaona ni desturi tu. Ameandika swali, limetokea kwa skrini zote:

“Bwana Rungu alijua Chifu Wino yuko pale kwa jicho gani?”

Maneno yangu mwenyewe.

Wananingoja. Wanajua mimi huandika kwa kitabu kwanza, kwa hivyo hakuna mtu ana haraka. Becky ananiletea chai. Kadi ziko kwa mfuko wa koti, zinanigusa kifuani nikipumua.

Nimeandika hapa “jicho la mtu wangu”. Ni maneno manne, rahisi kunakili. Nimeyakata.

Geti ya Lavington, kama mtu angeniuliza, ningesema sijaona. Na ilikuwa heshima. Hapa hakuna bwana wala bibi wa nyumba wa kufichia siri. Hapa ni mimi nimeingia kwa mlango wa nyuma.

Nikisema, Chifu Wino harudi. Kaburi ni kaburi, nilisema mwenyewe. Kwa hivyo itasaidia nani? Na Carolyne yuko pale kaunta. Amewacha kuhesabu karatasi. Ananiangalia mkono.

Mbuthia amekuja mpaka kwangu, ameinama kwa skrini yangu, ameshika miwani. Anasema, “Ndambuki, andika basi, lakini herufi zako ni za panya. Nitasoma namna gani?”

Nimemuita Carolyne. Nimemwambia aniongezee herufi. Akaniuliza kiasi gani. Nikasema kama za namba nne. Akasema, Baba, hivyo hata walio kwa ngazi watasoma. Nikasema ongeza.

Ameongeza. Swali sasa limejaa skrini yote. Chini yake kuna mstari mmoja mweusi unawaka, unazima.

Herufi ya kwanza ni J. Hiyo ni ile ile kwa majibu yote mawili. Nimeibonyeza. Imetokea, kubwa kama kiti —