Katika Nyumba Hii Hakuna Kura

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na yule binti yenu ambaye mimi shangazi yake namjua kwa picha tu. Sisi huku hatujambo. Mama analalamikia magoti, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayepika, kwa hiyo ujue ni mzima. Mimi bado nipo palepale dukani, nachapa barua za watu za kuomba kazi, na vidole vyangu sasa vinajua kuomba kazi kuliko wenye shida wenyewe. Najua barua zangu huwa fupi. Hii ivumilie, ina mambo.

Kubwa ni Baba. Najua ukifika hapa utataka kuruka mistari. Usiruke, nakuomba. Macho yamekwisha, kaka. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata mwaka jana, na daktari amesema hakuna cha kufanya tena. Vile vitabu vyake vya sebuleni, historia za watu waliowang'oa wafalme na wale wanafalsafa anaogombana nao kama majirani, sasa anavitambua kwa kupapasa. Anachukua kimoja, anakinusa, anakwambia huyu ndiye aliyesema uhuru ni kuachwa bila kusumbuliwa, na huyu wa pembeni ndiye aliyembishia kwamba uhuru ni kuwa na sauti katika mambo yanayokuhusu. Kisha anavirudisha ubavu kwa ubavu ili waendelee kubishana.

Unayakumbuka madaftari yake ya baada ya kustaafu? Alikuwa anaandika kitabu chake mwenyewe. Macho yalipomwacha nikamwambia aseme, mimi nichape. Basi kila nikitoka kazini tunakaa mezani na kompyuta niliyoazimwa na tajiri wangu. Akigonga meza mara moja ni nukta, mara mbili ni aya mpya. Akisema futa, sifuti papo hapo, maana wiki ijayo anaweza kuitaka tena aya ileile. Naipaka rangi nyekundu, na nyekundu zote nazifuta siku ya kupeleka kazi matbaa kuchapishwa. Ndivyo tunavyofanya dukani na wateja vigeugeu, na Baba, Mungu amsamehe, ni kigeugeu namba moja.

Kitabu kinaitwa Nani Aliwapa Ruhusa. Ni historia ya swali hilo tu: watu walioliuliza mbele ya wafalme, watumwa walioliuliza mbele ya mabwana zao, wanawake walioliuliza mbele ya masanduku ya kura ambayo hawakuruhusiwa kuyasogelea. Mimi kawaida nachapa akili iko sokoni, lakini hiki kilinikamata. Kuna siku nilisahau kuchapa nikabaki nasikiliza, naye akaendelea peke yake karibu kurasa mbili. Alipogundua alinitukana huku anacheka.

Sura ya tisa inahusu nyumba: huyu mtu anayedai serikali imuulize, je, yeye nyumbani kwake anamuuliza nani? Nadhani hapo wote wawili tulikuwa tunaiona siku ile, zile fomu za chuo cha sheria alizokujazia kwa mkono wake, na wewe unamwambia umeshapata nafasi kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Baba akasema, "Katika nyumba hii hakuna kura." Ukasema, "Basi mimi si raia wake," ukachukua begi. Miaka tisa sasa. Unatuma salamu kwa Mama, kwangu, hata kwa paka, ila yeye humtaji. Sikulaumu, nasema tu ndivyo ilivyo.

Basi pale mezani Baba akaanza kusema polepole, bila kugonga nukta hata moja: "Mimi niliyewafundisha watoto wa watu miaka thelathini na miwili kwamba mtawaliwa ana haki ya kuulizwa, nilikuwa na mtoto mmoja aliyenidai haki hiyo kwenye meza yangu mwenyewe, nami nikamwonyesha mlango, na katika vitabu vyote nilivyosoma sijapata hata kimoja cha kunitetea." Nikachapa. Nukta niliweka mimi. Akasema, "Futa. Hilo si la kitabu." Nikaipaka nyekundu.

Sasa kaa vizuri, kaka, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Siku ya kupeleka kazi, nyekundu zilikuwa arobaini na ushee. Nilizifuta zote isipokuwa hiyo. Hiyo niliigeuza rangi, ikawa nyeusi kama nyingine, nikaipeleka. Asije mtu akakwambia ilinipita. Nilijua ninachofanya. Nilichoka kuwa na kaka wa kwenye picha, na nilijua Baba ana kwa ana hatakuambia maneno yale mpaka tunamzika.

Vitabu vikaja, mia tatu. Baba alikishika cha kwanza kwa mikono miwili, akakinusa, akataka nimsomee chote. Nilisoma, lakini aya ile niliiruka. Wiki iliyofuata akaja yule mwenzake wa zamani, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye hajawahi kusifu kitu. Akasema ukurasa wa mia na arobaini na moja peke yake unatosha kuitwa kitabu. Baba akamwomba amsomee. Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno, sufuria ikaungua nimeisimamia.

Mgeni alipoondoka Baba aliniita. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Wewe nani alikupa ruhusa?"

Swali hilo nimelichapa mara zisizo na idadi, lakini kuulizwa ni kitu kingine kabisa. Nililia, nikaomba radhi, naye hakusema nami siku tatu, Mama akawa anapeleka ujumbe baina yetu kama balozi. Na alikuwa na haki, kaka. Maneno ya mtu ni yake, hata yale aliyoyakataa. Nilimwonea mzee asiyeona, tena nikiwa na kitabu chake mkononi.

Siku ya nne akaniita mezani. Akasema amenisamehe, ila hajasahau. Akasema kwa upande wake, kwa kuwa maneno yameshasikika, hayarudishi nyuma, ni kweli tupu. Lakini aya ile ina watu wawili ndani, na wa pili bado hajaulizwa. Kwa hiyo vitabu vyote viko kwenye maboksi nyuma ya kochi, hata cha mwalimu wa hesabu kimerudishwa, kwa manung'uniko, na havitoki mpaka wewe useme. Ukikubali ukurasa ubaki, utabaki. Ukikataa, mwenye matbaa ataukata kwa wembe, kitabu kimoja kimoja, na Baba hatataka sababu. Nimekuwekea nakala ya ukurasa ndani ya bahasha.

Nikamuuliza kama niandike kwamba anakuita nyumbani. Akasema hapana, kuita ni kuamrisha, na yeye ameshaamrisha ya kutosha. Akasema, "Mwandikie kwamba namuuliza. Na akisema hapana, hapana yake nitaipokea."

Ndiyo hayo, kaka. Msalimie sana wifi, na umwambie binti yenu shangazi yake ana maneno mengi lakini moyo ni safi. Mama anakusalimia na kukuombea. Baba pia anakusalimia. Hilo amelisema mwenyewe, akagonga meza mara moja, nami nimelichapa vilevile bila kuongeza neno.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku