Sukari na Salamu za Bibi wa Bigwa

Mama, shikamoo. Mimi mzima. Huku Morogoro mvua haikatiki, Uluguru yote imefunikwa na ukungu.

Hapa maabara tunasaga sukari kwenye baridi kali ya gesi ya naitrojeni iliyopoozwa mpaka ikawa kama maji. Chembe zinavunjika kabisa, unabaki unga laini usiovumilia unyevu. Wewe uliyepanga foleni enzi za uhaba kupata kilo moja ya sukari, utatushangaa. Siku hizi imejaa madukani Mwembesongo.

Jana nikiwa nimeshika kopo la unga huo likiwa wazi, bibi anayetuletea ndizi kutoka Bigwa akapiga hodi mlangoni. Nikamwamkia. Akauliza habari za safari, za nyumbani, za kwako, kisha akanieleza ya shamba na ya magoti yake. Ningemkatishaje? Aliposhuka ngazi unga ulikuwa unanata, na leo umerudi kuwa chembe, na naitrojeni ya kusaga tena hatuna.

Mkuu wangu kanuna. "Ungefunga kopo kwanza, ndipo umwamkie." Nikamjibu sikulelewa hivyo.

Bibi anakusalimu sana. Salamu zake zimetugharimu naitrojeni yote iliyotoka Dar, kwa hiyo zipokee vizuri.

Mwanao, Rehema