Barua Iliyosomwa Uani

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Dar es Salaam
4 Machi 1974

Mdogo wangu mpendwa Eliasi,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, shemeji yako na watoto hawajambo, hofu ni kwenu huko Masasi na mvua zenu. Hapa sote wazima isipokuwa Mama.

Hospitali wamemrudisha nyumbani. Daktari aliniita pembeni akaniambia uvimbe wa kooni umeshakomaa, hakuna cha kukata wala cha kuchoma, mpeni anachoweza. Anachoweza ni uji mwepesi. Nauchuja kwa kitambaa, namnywesha kwa kijiko cha chai, na kikombe kimoja kinamaliza asubuhi yangu nzima. Mwingi unatokea puani. Hapo Mama anageukia ukutani na kujifuta kwa pindo la khanga, upesi upesi, nisione. Si unamjua na haya zake? Mwanamke ambaye hajapata kula mbele ya watu tangu aolewe, leo analishwa kama kichanga. Wapangaji wenzetu wakipita mlangoni nafunga pazia.

Unga wenyewe ni huu wa njano wa kupanga foleni, wala hauna ladha. Lakini nashukuru ninapoupata.

Ile chupa ya vidonge uliyonipa Desemba nilipokuja kumchukua Mama bado ninayo, nampa nusu kidonge maumivu yakizidi. Wewe ndiye mganga katika ukoo wetu. Niambie nifanye nini. Ningekuambia uje, ila nasikia Rufiji imefunga njia.

Andika kwa sanduku lilelile la Mzee Awadhi, mwenye nyumba wetu.

Ni mimi dada yako,
Hyasinta


Zahanati ya Kijiji
Masasi
14 Machi 1974

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nami nilikuwa mzima mpaka nilipoifungua. Mke wangu Celina anakusalimu. Tumeshahamia kwenye nyumba mpya za kijiji, tunalala chini ya makuti yanayovuja, lakini shamba la pamoja limestawi.

Dada, kuanzia hapa soma peke yako.

Wagonjwa wa uvimbe wa namna hiyo nimewaona. Mwisho wao sitaki kukuandikia. Ninachojua ni kwamba Mama ataufikia akili zake zikiwa timamu, akiona kila kitu. Ile chupa usiigawe nusu nusu tena. Chagua siku, umpe yote kwenye uji, alale, apumzike. Hakuna atakayeuliza habari za mama mgonjwa aliyekufa usingizini.

Najua padri atasema nini. Uhai ni wa Mungu, sawa. Lakini padri hafui mashuka ya Mama, na usiku hakisikii kile kikohozi. Sisi tunamhurumia mbwa aliyevunjika kiuno, halafu mzazi wetu tunamtazama tu na kuita kumtazama huko dini. Mimi naona aibu kwa ajili yake, Dada. Naona aibu anavyoaibika.

Ukishasoma choma.

Mdogo wako,
Eliasi


Kariakoo
28 Machi 1974

Eliasi,

Hujambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako sikuisoma mimi. Ilisomwa.

Nilikuwa kwenye foleni ya unga. Mzee Awadhi alirudi kutoka Posta, akamwambia Mama kuna barua ya Eliasi. Mama akasema isomwe. Umesahau kwetu barua inasomwaje? Barua ya nyumbani si ya mtu mmoja, hata bahasha iwe na jina la nani. Mama hajapata kusoma, maisha yake yote barua amezipokea kwa sikio. Basi wakamtoa nje na jamvi lake, Kuruthumu wa chumba cha pili akaacha kukuna nazi, wenzake wakakusanyika, na Mzee Awadhi akaanza kusoma kwa sauti yake ileile anayoadhinia. Kasoma Celina anasalimu, kasoma makuti, watu wakacheka. Kasoma "kuanzia hapa soma peke yako" akiwa kwenye mwendo, akaendelea mpaka kwenye chupa. Hapo ndipo aliponyamaza.

Mama akamwambia, "Endelea, bwana. Ya mwanangu hiyo."

Akasoma mpaka mwisho. Mpaka mbwa.

Niliporudi na kikapu changu, hakuna aliyeniangalia usoni. Walidhani ndio mpango wetu, wewe na mimi. Na mimi sikuwa na uso wa kujitetea, maana usiku nimeshawahi kuishika ile chupa nikaipima mkononi. Haya, umenifanya niandike.

Tangu siku hiyo uani hakuna mazungumzo mengine. Mzee Awadhi anasema roho ni amana, aliyeiweka ndiye huichukua, sisi letu ni kumsomea Yasini Mungu amfanyie wepesi. Na kweli kila baada ya alasiri anakuja kusoma, anakaa nje ya pazia. Padri alikuja na mafuta matakatifu. Alisema kuua ni kuua, hata kwa huruma, lakini asiyeweza kumeza asilazimishwe, na dawa ya maumivu anyweshwe bila woga. Jayaben wa duka la vitambaa, yeye ni Mhindi wa dini ya Jaini, kwao hata sisimizi hawamkanyagi. Lakini ameniambia wapo wazee wao ambao umri ukifika, kwa idhini ya wakubwa wa dini, wanakiaga chakula kidogo kidogo mpaka mwisho. "Bila hasira," akasema. "Bila kusukumwa na mtu." Akalitazama pazia letu.

Kwa sababu Mama amefunga mdomo, Eliasi. Anakubali maji kwa pamba, uji hataki. Nikimsihi anageukia ukutani. Mimi sijui amekiaga chakula kama hao wazee wa Jayaben, au anatii barua yako. Nikimuuliza, anasema, "Mwanangu amechoka na mimi."

Andika nyingine. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Isomwe palepale.

Dada yako,
Hyasinta


Masasi
5 Aprili 1974

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mwanao Eliasi sina uzima wa kukuelezea.

Mzee Awadhi, nakusalimu kwa heshima, na ninakuomba usome hii kwa sauti ileile. Majirani wote walioisikia ya kwanza nawaomba waache kazi waisikie na hii.

Mama, dada yangu hana kosa. Hakujua lolote. Ni mimi niliyekaa mbali, mkavu wa moyo, nikaandika juu ya mwili wako kama naandika juu ya mgonjwa nisiyemjua. Nilisema nakuonea huruma. Ukweli, kila nikikufikiria nashindwa kulala, nikataka nipate usingizi. Ni mimi niliyetaka kupumzika. Kabla ya mvua njia ilikuwa wazi na magari yalipita, sikuja. Niliogopa kukuona.

Hapa watu wananiita mganga. Tangu barua ya dada nikiitwa hivyo naangalia chini.

Sijakuchoka, Mama. Nakupigia magoti mbele ya watu wote hao. Kula, mama yangu. Kula hata kidogo, nijue umenisamehe.

Mwanao,
Eliasi


Kariakoo
21 Aprili 1974

Mdogo wangu Eliasi,

Salamu. Simu ya kifo naamini uliipata. Mama alifariki Jumatatu ya Pasaka asubuhi, tukamzika jioni yake. Waislamu wa mtaa wetu waliingia makaburini nasi na kubeba jeneza kwa zamu, na Jayaben alileta sanda. Usingewahi, usijilaumu kwa hilo.

Barua yako ilifika Jumatano ya wiki takatifu. Safari hii nilikuwepo. Mzee Awadhi aliisoma amesimama, na alipofika pa kupiga magoti ilibidi aanze upya. Kuruthumu alilia waziwazi.

Mama akasema nimletee uji.

Nikasema twende ndani. Akakataa. Akasema nimkalishe palepale, awatazame walioisikia barua.

Akala, Eliasi. Mama yetu wa kugeukia ukutani alikula katikati ya uani, watu wakimwangalia. Kila kijiko aliminya mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Uji ulitoka puani ukachanganyika na damu. Nilitaka kumfuta, akausukuma mkono wangu. Nikamwambia inatosha Mama, Eliasi amekuelewa. Akafungua mdomo tena. Mzee Awadhi akageuka, akafunika uso kwa kanzu.

Baada ya hapo hakula tena mpaka alipokufa, na sikumsihi. Nilimpa nusu kidonge chake kama zamani. Nafikiri alikuwa ameshamaliza na chakula siku nyingi, kabla ya barua yako ya kwanza. Hatukumuuliza. Wewe ulimwambia afe, mimi nilikwambia umwambie ale, na yeye akatutii wote wawili.

Nilipokuwa namrudisha ndani aliniambia, "Mwandikie nimekula."

Nami nimekuandikia.

Dada yako,
Hyasinta