Daftari la Chini ya Mguu wa Meza

Kaka,

Meza itayumba, usiweke chai ya moto juu yake. Daftari langu ulilolikunja ukaliweka chini ya mguu wake nimelichukua.

Ulipokuwa unaoga, karani wa baraza la rufaa za kodi ya majengo alipiga simu. Nakala uliyoiandika upya kwa mwandiko wako mzuri wameikataa. Wanataka daftari lenyewe, lenye tarehe zote tangu upepo ulipoezua chumba cha nyuma kikabaki kitupu, na aliyeliandika aje aulizwe leo saa nne. La sivyo, kile chumba kitaendelea kutozwa kodi kama kina wapangaji.

Nilimwambia aliyeandika aliishia darasa la tano. Akasema hakuuliza darasa.

Nimetoka kabla hujamaliza kuoga, maana ukinitania nitaghairi.

Dawa ya Mama ni saa saba, akishakula. Asipewe na chai.

~~Njoo unisemee.~~ Usije. Huo mwandiko wangu unaouita nyayo za kuku nitausoma mwenyewe.

Meza ikikusumbua, kunja nakala yako uiweke chini ya mguu.

Mdogo wako